Cha Kutumia na Cha Kuuza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Limetufikia suala kutoka kwa ndugu zetu Waislamu walioko Kangema, katika nchi ya Murang'a, kule ambako miinuko ya Nyandarua imefunikwa na majani ya chai, na Waislamu ni wachache. Suala lenyewe ni hili. Mtu alinunua pikipiki ya kupanda, akaitumia miezi michache, kisha akaiuza kwa bei kubwa kuliko aliyonunulia. Akanunua nyengine, akafanya vivyo hivyo. Baadaye yakafuatia makochi, mafriji, vyarahani na jenereta. Kila akikumbushwa khabari ya zaka, jawabu yake ni moja: hivi ni vyombo vyangu, na chombo cha mtu hakina zaka. Akiulizwa khabari ya kodi, jawabu ni ile ile. Wenziwe msikitini wamegawanyika. Baadhi wasema kwamba anayoyanena ni kweli kwa sharia, na wengine wasema kwamba huu ni ujanja. Na jambo linalowakera wote ni kuwa mafakiri na mayatima wao hawana mfuko mwengine wa kuutazamia illa zaka ya hao wachache wenye nacho.

Tumeona ni wajibu kulijibu suala hili hadharani, wala si kwa barua ya faragha, kwa kuwa maradhi yaliyotajwa humo hayakuzaliwa Kangema. Huku kwetu pwani twayo pia. Tafauti ni chombo tu. Kule ni pikipiki, huku ni kasha la misumari ya shaba, kiti cha enzi, mlango wa nakshi na bangili za dhahabu. Na swali lililo chini ya yote hayo ni moja: kitu kikiwa mkononi mwa mtu, ni lini huwa ni chake peke yake, na ni lini huingia ndani yake haki ya mwengine?

Msingi wa sharia katika jambo hili ni mwepesi kufahamika. Katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira, nayo imo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametubainishia kwamba Muislamu hapasiwi na zaka juu ya farasi wake wala mtumwa wake. Kutokana na hayo maulamaa wakafahamu kwamba kila ambacho mtu amekiweka kwa haja yake mwenyewe, kama nyumba aikaayo, nguo aivaayo, mnyama ampandaye, chungu apikiacho, kitabu asomacho na ala za kazi yake, hakina zaka ijapokuwa thamani yake ni kubwa. Pikipiki ya kupanda leo ni farasi wa jana. Hata ng'ombe, ambao ni mali kubwa kwa wakulima wa Kangema, wamo katika rehema hii. Kwa madhehebu yetu ya Kishafi, zaka ya ng'ombe huanza kwa ng'ombe 30, nao wawe ni wa kuchungwa katika malisho yasiyo na gharama. Ama ng'ombe wawili au watatu waliofungwa zizini wakakatiwa majani kila siku, hao hawana zaka. Mwenyezi Mungu hakutaka kumtoza mja wake kwa kile kinachomsimamishia maisha.

Upande wa pili ni bidhaa, yaani kitu kilichowekwa ili kiuzwe kwa faida. Samura bin Jundub amepokea, katika hadithi iliyomo kwa Abu Daud, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwaamrisha watoe sadaka katika vile walivyoviandaa kwa kuuza. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimpitia mtu aitwaye Himas, naye alikuwa muuzaji wa ngozi na mapodo ya mishale, akamwamrisha atoe zaka ya mali yake. Himas akajibu kuwa yeye hana mali illa hizo ngozi na mapodo. Umar akamwambia avitie thamani kisha avitolee zaka. Himas hakuwa mwongo. Alidhani tu kwamba mali ni dinari na dirhamu, na hivyo vyengine ni vitu vyake. Umar akamfundisha kwamba ngozi iliyowekwa kuuzwa ni pesa iliyovaa vazi jengine.

Basi ikiwa pikipiki ni moja, magurudumu yake mawili na injini yake ile ile, ni kitu gani kinachoifanya leo iwe farasi asiye na zaka na kesho iwe ngozi ya Himas? Maulamaa wamejibu: ni nia. Lakini si nia ya ulimi, wala si nia iletwayo wakati wa hisabu. Katika fikihi ya Kishafi mna kanuni hapa inayostahiki kuzingatiwa. Bidhaa ya biashara, mwenyewe akinuia kuiweka kwa matumizi yake, hurudi kuwa ya matumizi kwa nia hiyo peke yake. Lakini kitu cha matumizi hakiwi bidhaa kwa nia peke yake, mpaka nia hiyo ikutane na tendo la biashara, yaani kununua au kubadilishana hali ya kuwa mtu amekusudia faida. Wamesema sababu ni kuwa asili ya vitu ni kutumiwa, na kurudi kwenye asili ni rahisi, ama biashara ni kazi, na kazi haiwi kwa kuiwaza.

Kwa kanuni hiyo suala la Kangema lajibika. Mtu aliyenunua pikipiki ili aipande, kisha akapatwa na dhiki, au akatokea mnunuzi mwenye haja, naye akaiuza, huyo hakufanya biashara hata kama amepata faida. Alinunua kwa shilingi 90,000, akauza kwa 110,000. Hizo 20,000 ni riziki yake ya halali, wala hakuna amdaiye zaka kwa sababu ya mauzo hayo. Pesa zikiwa mkononi mwake, zikafika nisabu pamoja na nyengine alizo nazo, zikakaa mwaka, atazitolea zaka kama zitolewavyo pesa zote. Ama yule ambaye siku ya kununua tayari anapiga hisabu ya siku ya kuuza, ambaye analo kochi moja la kukalia na manne yamefunikwa turubali, ambaye dalali anaijua nambari yake ya simu kuliko nduguze, huyo ni mfanyabiashara asiyekuwa na duka. Na kukosa duka hakuondoi zaka. Yampasa kila mwisho wa mwaka wake avitie thamani vyote alivyoviweka kwa kuuza, kwa bei ya soko ya siku hiyo, akusanye na fedha zitokanazo na biashara hiyo, na jumla ikiwa imefika nisabu atoe robo ya ushuri, yaani mbili na nusu katika kila mia. Mwenye vitu na fedha za shilingi 2,000,000 atatoa 50,000. Na aanze kwa kulipa ya miaka aliyoiacha, kwani deni la Mwenyezi Mungu halianguki kwa kupitiwa na wakati.

Sasa tutazame upande wa serikali, kwani ndugu zetu wameutaja. Katika Kenya iko kodi ya faida ya mtaji, itozwayo juu ya faida ipatikanayo mtu anapohamisha mali kwa mwengine. Iliwekwa mwaka 1975, ikasimamishwa mwaka 1985, ikarejeshwa tarehe 1 Januari 2015 kwa kiwango cha asilimia 5, na tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15. Macho ya kodi hii yako khasa kwenye ardhi, majengo na hisa za makampuni, wala haikukusudia sufuria na vitanda vya watu. Nayo pia ina mahali pa kusamehe. Nyumba ambayo mwenyewe ameikaa muda wa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza haitozwi. Shamba la kulima lililo nje ya mji, lisilofika ekari 50, halitozwi. Ama mwenye kununua na kuuza vitu kuwa ndiyo kazi yake, huyo hutozwa kodi ya mapato ya biashara, awe na duka au asiwe nalo.

Na wenye jamaa Uingereza watasikia kwamba huko kodi ya namna hii iliwekwa mwaka 1965, nayo imezigusa hata mali za kuhamishika, kama vito, picha na samani za kale. Lakini kitu kilichouzwa kwa pauni 6,000 au chini yake kimesamehewa, na gari la mtu la kupanda limesamehewa hata likiuzwa kwa faida. Tena wameweka sharti moja: vyombo viendavyo pamoja, mfano wa seti ya viti, mtu akiviuza kimoja kimoja kwa mnunuzi yule yule ili kila kimoja kiwe chini ya kiwango, vyote huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Tuliposoma haya tulikumbuka maandiko ya Sayyidna Abubakar (r.a.) khabari ya zaka ya wanyama, yaliyopokewa na Anas na kutolewa na Bukhari, ambamo imekatazwa kuwakusanya wanyama waliotengana au kuwatenga waliokusanyika kwa ajili ya kuikimbia zaka. Ujanja wa wenye mali ni ule ule, na mlango wake ulikwisha fungwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu kabla ya hao kuuona.

Iko tafauti kubwa, hata hivyo, baina ya mizani hizi mbili. Kodi hungoja kitu kiuzwe, kisha hutazama faida tu. Mtu akinunua kiwanja mjini kwa 4,000,000 akakiuza kwa 6,000,000, kodi ni 300,000, yaani asilimia 15 ya zile milioni mbili baada ya kutoa gharama. Na akikaa nacho miaka 20 bila ya kukiuza, kodi hiyo haimuulizi. Zaka ya biashara haingoji kuuzwa. Kila mwaka huuliza, na huuliza rasilimali na faida pamoja, ila kiwango chake ni kidogo. Zaka yamtaka mtu asiifungie mali, aizungushe au aigawe. Na tafauti iliyo kubwa zaidi ni hii: mtoza kodi haoni moyo. Hana budi kuhukumu kwa dalili, kwa miaka, kwa ekari, kwa bei. Sharia imemkabidhi mwenye mali mwenyewe hukumu ya nia yake, ikamfanya yeye kuwa mshitakiwa na kadhi kwa wakati mmoja. Hii ni heshima kubwa aliyopewa Muislamu, na mwenye kuichezea heshima hii amemkhini Aliyempa.

Tuje sasa kwenye dhahabu ya akina mama zetu, kwani hapa pana khitilafu mashuhuri. Imamu Abu Hanifa amewajibisha zaka katika vipambo vya dhahabu na fedha vikifika nisabu. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi ni kwamba kipambo cha halali kivaliwacho hakina zaka, na katika hoja zake ni yale yaliyomo katika Muwatta, kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na mayatima, binti za nduguye, wenye vipambo, naye hakuvitoa zaka. Mwaka 1970 wakia moja ya dhahabu ilikuwa kiasi cha dola 36 katika soko la dunia. Mwaka 2020 ilipita dola 2,000. Basi bangili aliyopewa bibi katika mahari yake imepanda thamani mara nyingi akiwa ameivaa tu. Je, kupanda huko ni faida inayodaiwa? Kwa madhehebu yetu, la. Ni kipambo chake, kilikuwa na kingali. Na mwenye kutoa kwa kujitoa katika khitilafu, amefanya jambo jema. Lakini mume anunuaye vidani akavitia sandukuni kwa jina la mkewe, wala mke havijui, akingojea bei ipande, huyo asijifiche nyuma ya ukaya wa mkewe. Hicho si kipambo bali ni hazina, na makamio ya wenye kulimbikiza dhahabu na fedha bila ya kuzitoa katika njia ya Mwenyezi Mungu yamo katika Suratu Tauba.

Ama makasha, viti vya enzi na milango ya nakshi, ambavyo jana vilitupwa uani na leo vyatafutwa na wageni kwa bei ya ajabu, twataka kuwaonya wenzetu juu ya haki tatu. Kwanza, kasha la bibi ni mirathi. Mara nyingi mji wetu umegawa mashamba na nyumba kwa mafungu ya sharia, lakini vyombo vya ndani huachwa kwa aliyebaki nyumbani. Akija siku moja akaviuza kwa malaki ya shilingi, akasema ni vyombo vyake, basi haki ya kwanza iliyomo si ya serikali wala si ya fakiri. Ni ya dada zake na shangazi zake ambao hawakuulizwa. Pili, mnunuzi amwendeaye bibi kizee, akamwambia kwamba akitaka kiti hicho ni kwa kukikalia tu, hali ya kuwa mteja amekwisha patikana, amekusanya uwongo na hadaa, na faida yake haina baraka. Tatu, iko sheria ya nchi ya mwaka 2006 inayohusu makumbusho na turathi, ambayo imezuia vitu vya kale kutolewa nje bila ya kibali. Vyombo hivyo ni ushahidi wa wazee wetu, na si vizuri ushahidi huo uuzwe gizani.

Wako watakaotwambia kwamba hila nyengine zimekubalika kifikihi, mfano wa mtu kumpa mkewe mali yake kabla ya mwaka kutimia ili mwaka ukatike. Twajibu kwamba maimamu wamekhitilafiana juu ya kuanguka kwa zaka hiyo. Shafi ameona yaanguka pamoja na kulichukia tendo lenyewe, na Malik na Ahmad wamesema haianguki kwa mwenye kukusudia kuikimbia. Lakini hapana hata mmoja aliyelisifu tendo hilo. Na wasome wenye hila kisa cha wenye bustani katika Suratul Kalam, walioazimia kuvuna asubuhi mapema kabla maskini hawajaamka. Wao pia walisema ni yao. Walipofika waliikuta imekwisha.

Limebaki swali moja: je, aliyelipa kodi amelipa zaka? La. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Suratu Tauba, na ni ibada yenye nia. Kodi ni haki ya utawala, kwa barabara, hospitali na usalama. Na aliyelipa zaka hana rukhsa ya kudanganya kodi, kwani kutimiza mapatano tumeamrishwa mwanzoni mwa Suratul Maida, na wala hatuzipiti barabara hizo bure. Maulamaa wakubwa kama Ghazali na Shatibi wameruhusu watu kutozwa kwa maslaha ya umma pindi hazina ikipungukiwa, kwa sharti ya uadilifu. Ikiwa watawala hawakutimiza sharti hiyo, na wateswe kwa maneno ya haki na kwa kura. Uwongo wetu hautawafanya wao kuwa waadilifu. Utatufanya sisi kuwa waongo.

Twamalizia kwa jambo ambalo latusikitisha kuona limesahauliwa. Kusamehewa zaka kwa chombo cha nyumbani si kusema kwamba hakina haki yoyote ndani yake. Katika Suratul Maun, Mwenyezi Mungu amewalaumu wenye kuswali kwa kujionyesha wakazuia maun, na Ibn Masud (r.a.) ameifasiri kuwa ni vile watu wanavyoazimana baina yao, kama chungu, ndoo na shoka. Tazama hekima hii: vitu vile vile ambavyo mtoza zaka amevipita, navyo ndivyo mtoza kodi asivyovigusa, Kurani imeviwekea haki ya jirani. Yule mwenye pikipiki ya kupanda hadaiwi senti moja kwa ajili yake, lakini mke wa jirani akishikwa na uchungu usiku, na njia ya kilimani imejaa tope, pikipiki ile inadaiwa. Mwenye cherehani hana zaka ya cherehani. Ana yatima wa mtaa ambaye nguo yake ya skuli imechanika. Na mwenye sufuria kubwa za harusi, asizifungie kabatini mpaka zije harusi za matajiri wenziwe.

Basi twawausia ndugu zetu wa Kangema, na Nyeri, na miji yote iliyozunguka Mlima Kenya, kama tunavyojiusia sisi wa pwani. Kila mtu na aingie nyumbani kwake peke yake, asimame mbele ya kila alicho nacho, na ajiulize: hiki nimekiweka kwa nini? Jawabu asimpe imamu wala mtoza kodi kabla hajaipa nafsi yake. Kilicho cha kuuza akiandike na akitolee haki yake. Kilicho cha kutumia akitumie kwa shukrani na akiazime kwa moyo mweupe. Na kilicho cha mwengine akirudishe leo, kwani kesho si yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika nia zetu kabla ya hisabu zetu, na azitakase mali zetu kwa haki zake. Amin.